Mnywaji wa Mfano wa Jamhuri ya Wastani

Nchi ninayotaka kuwasimulia haimo kwenye ramani yoyote. Waliowahi kuitafuta walirudi wakisema wameikuta nyumbani kwao, lakini hayo ni yao, mimi simo. Inaitwa Jamhuri ya Wastani, na watu wake ni wapole, wavumilivu, na wanajua sana kupiga makofi.

Katika nchi hiyo aliishi Mzee Damiani Kiyungi, mkaguzi mstaafu wa mizani za sokoni. Kwa miaka thelathini na moja kazi yake ilikuwa kuzunguka na sanduku la mawe ya shaba, kuangalia kama kilo ya muuza sukari ni kilo kweli. Alikuwa mtu mwembamba, mkimya, mwenye masikio makubwa, na mtaani kwao Kisimani alijulikana kwa mambo mawili: alitengeneza mvinyo wa zambarau, na aliunywa glasi moja tu.

Glasi hiyo moja haikuja hivihivi. Ujanani Damiani alikunywa kama mtu anayekimbizwa. Alikunywa ya ndizi, ya mtama, ya mnazi, na ile isiyo na rangi ambayo serikali imeikataza na polisi wote wanaijua ladha yake. Siku aliyozikwa mama yake mzazi, yeye alikuwa amelala katika shamba la mihogo, hatua mia mbili tu kutoka kaburini. Alipoamka watu walikuwa wameshazika, wameshakula, wameshanawa, wamekwenda zao. Mkewe, Paskazia, hakumgombeza. Alifunga nguo zake na za mtoto wao Koletha, akaenda kwao, akakaa huko miezi kumi na minne.

Damiani alijaribu kuacha kabisa. Aliacha mara tatu, na mara zote tatu aliacha kuacha. Ndipo mtawa mmoja wa misheni, mwanamke mwenye mikono mikubwa kama ya mwashi, alipomwita jikoni kwake akamwonyesha namna ya kutengeneza mvinyo.

"Ile ya kilabuni inakusubiri wewe," alimwambia. "Hii utaisubiri wewe. Tuone kama utaweza."

Aliweza. Mzambarau ulikuwa nyuma ya nyumba yake, na mpaka wakati huo kazi yake ilikuwa kuchafua nguo zilizoanikwa. Damiani akaanza kuokota matunda alfajiri kabla kuku hawajayafikia. Aliyaosha, akayaponda kwa mikono mpaka viganja vikawa rangi ya wino, akatia maji yaliyochemshwa na kupoa, sukari, na hamira kidogo, akafunika ndoo kwa kitambaa safi. Baada ya wiki alichuja, akamimina kwenye chupa kubwa ya kioo yenye mpira mwembamba mdomoni, mpira uliotumbukia katika kopo la maji. Halafu alikaa kwenye kigoda akisikiliza povu likipumua, blup, blup, siku baada ya siku, kwa miezi mitatu. Wengine hutuliza moyo kwa rozari. Yeye alitulizwa na blup.

Paskazia aliposikia habari hizo alirudi, akaweka masharti. Mumewe atakunywa alichokitengeneza kwa mikono yake tu, Jumapili tu baada ya misa, na atakayemimina ni yeye Paskazia. Ndivyo walivyoishi kwa miaka ishirini na miwili. Jumapili saa kumi walikaa barazani, mke akamimina glasi mbili ndogo, wakanywa taratibu mpaka jua linashuka, wakizungumza habari za Koletha aliyeolewa mbali, na za majirani, na za magoti yao. Kisha chupa ilirudi kabatini. Si kwamba Damiani hakutamani ya pili. Aliitamani kila Jumapili, kwa miaka yote hiyo, na kila Jumapili Paskazia aliliona jicho lake linavyoifuata chupa, akalifunga kabati, akamuuliza kama atakula viazi.

*

Sasa huko Ikulu, madaktari walimwambia Mtukufu Rais kwamba ini lake linaomba kupumzika. Mtukufu Rais alitafakari siku mbili. Aliona si haki ini lake peke yake lipumzike wakati maini ya wananchi yanaendelea kuchapa kazi. Alikuwa kiongozi mwenye kushirikisha watu. Kwa hiyo alitangaza Mwaka wa Kiasi, akaunda Wizara ya Kiasi na Mambo Yanayozidi, yenye waziri mmoja, manaibu saba, na jengo la ghorofa kumi na nne.

"Ndugu wananchi," alisema redioni, katika hotuba ya saa nne na nusu kuhusu umuhimu wa kutozidisha, "kiasi si kidogo, wala kiasi si kingi. Kiasi ni kiasi. Na atakayekiuka kiasi, tutamshughulikia bila kiasi."

Watu walipiga makofi mpaka redio zikatingishika mezani.

Wizara ilianza kwa kukagua ndimi. Maofisa walipewa kadi yenye rangi tisa na kutumwa mitaani. Mwananchi alitoa ulimi, ofisa akaulinganisha na kadi, na ulimi uliokolea zaidi ya rangi ya sita ulihesabiwa kuwa wa mlevi. Bahati mbaya ulikuwa msimu wa zambarau. Siku ya kwanza walikamatwa watoto mia nne na wawili wa shule za msingi, mwalimu mkuu mmoja aliyewahi kuwaomba tunda, na mbuzi. Mbuzi aliachiwa kwa dhamana.

Baada ya hapo Waziri aliagiza kila kata itoe mnywaji mmoja mwenye kiasi, jina lifike wizarani kabla ya Ijumaa, ili taifa lipate wa kumwiga. Hapo ndipo ilipoonekana shida. Kata zilikuwa na walevi wa kutosha. Zilikuwa na wasiokunywa, na wasiokunywa mbele za watu. Mwenye kunywa glasi moja akasimama hapo hakuonekana. Nchi nzima, kata mia sita na kumi na moja, lilipatikana jina moja.

Kilikuja kigari cheupe hadi Kisimani, akashuka Bwana Lugoda, Ofisa Kiasi wa Wilaya, kijana wa miaka thelathini hivi, mwenye tai, kalamu tatu mfukoni, na uso wa mtu anayeogopa simu yake mwenyewe.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu kiti," alisema Damiani.

"Mzee, ni kweli unakunywa glasi moja?"

"Kweli."

"Na ya pili?"

"Ya pili sinywi."

Lugoda alimtazama kama mtu aliyeokota dhahabu barabarani. Aliandika haraka. "Kwa nini hunywi ya pili, mzee? Sababu za kitaalamu?"

Damiani alifikiri. Alimtazama mkewe, aliyekuwa akichambua mchele kwenye ungo bila kuinua macho. "Mama Koletha anafunga kabati," alisema.

Lugoda aliandika: *Mfumo madhubuti wa udhibiti wa ndani.*

Paskazia akaweka ungo chini. "Mwanangu, mnamtakia nini huyu baba?"

"Heshima tu, mama. Serikali inataka aonyeshwe. Atakunywa glasi yake moja mbele ya wananchi, waone, waige. Basi."

"Anakunywa Jumapili."

"Tutamwonyesha Jumapili, mama."

Paskazia hakupenda. Lakini Damiani, ambaye tangu astaafu hakuna aliyemwita popote isipokuwa kwenye misiba, alijisikia kitu kikisimama kifuani. Nisiwafiche: alifurahi. Siku hiyo alinyoa ndevu mara mbili.

*

Onyesho la kwanza lilifanyika uwanja wa mpira wa kata. Paskazia alimimina mwenyewe, kutoka chupa yao wenyewe. Damiani alikunywa taratibu, akaiweka glasi juu ya meza, akasema, "Basi." Watu walisubiri kuona kama ataongeza. Hakuongeza. Uwanja ulilipuka kwa vigelegele, bibi mmoja akazimia. Lugoda alifuta machozi kwa tai.

Kabla vumbi halijatulia simu ya Lugoda ililia. Waziri alikuwa kata ya jirani, naye alitaka kuona.

"Mwambie nimeshakunywa," alisema Damiani.

"Umekunywa kata hii, mzee. Ile nyingine hujanywa hata tone."

"Lakini tumbo ni lilelile."

Lugoda alifungua kitabu cha kanuni, kitabu kinene kama tofali. "Kanuni ya nne, mzee. Kiasi hupimwa kwa tukio, si kwa mtu." Akaongeza kwa sauti ya chini, kama mtoto anayeomba, "Ni Waziri, mzee wangu. Nina watoto wadogo."

Damiani alimtazama mkewe. Paskazia alitikisa kichwa: usiende. Akaenda. Alijiambia ni mara moja tu, kwa ajili ya watoto wa Lugoda.

Jumapili hiyo yalifanyika maonyesho mawili. Iliyofuata yakawa matano. Baadaye wizara ikagundua kwamba wiki ina siku nyingine sita zilizokaa bure. Chupa kumi na mbili za kabatini zilichukuliwa zote kama vielelezo, zikapelekwa kwenye jumba la makumbusho, ambako zililindwa na askari wawili, na baada ya mwezi zikawa tupu, zinawalinda askari waliolala. Wizara ikajenga Kiwanda cha Kiasi, kilichotengeneza mvinyo wa zambarau kwa siku mbili, bila zambarau.

Damiani alipoonja ule wa kiwandani aliutoa mdomoni. "Hii ni ile isiyo na rangi," alisema. "Mmeitia rangi."

"Mzee, taifa haliwezi kusubiri miezi mitatu."

"Nilimwahidi mke wangu nitakunywa ya mikono yangu tu."

Lugoda alifikiri, akampa mwiko mkubwa, akamwomba aukoroge mvinyo ule mara moja, upande wa kulia. Kisha akaandika kwenye fomu: *Umetengenezwa kwa mikono yake.*

Damiani alipojaribu kuonja kidogo na kuiacha glasi nusu, aliletewa barua ya onyo. Glasi isiyomalizika, ilisema barua, ni upungufu, na upungufu si kiasi. Alipojaribu kumwaga chini kwa kujifanya ameteleza, walimwekea kapeti maalumu na mtu wa kulipima. Aliposema anaumwa, alipelekwa kwa daktari wa wizara, ambaye alimpima macho, akampima ulimi kwa kadi, akamwambia atembee kwenye mstari. Damiani alitembea kwenye mstari ule kama mtu anayevuka daraja la kamba.

Daktari akaandika: *Mgonjwa ni Mnywaji wa Mfano. Mnywaji wa Mfano halewi. Kwa hiyo hajalewa. Mstari urekebishwe.*

Mafundi walikuja mchana huohuo, wakaupinda mstari.

*

Nyumbani, Paskazia alimwona mumewe akirudi kidogokidogo kule alikotoka. Mwanzoni ilikuwa ni macho tu. Kisha mikono: alikuwa anamwaga chai. Kisha akaanza kusema uongo mdogomdogo usio na faida, kwamba amekula wakati hajala, kwamba maonyesho yalikuwa manne wakati yalikuwa tisa. Msimu mwingine wa zambarau ulifika, matunda yakaanguka, kuku wakayala. Damiani alipita juu yake, yakapasuka chini ya viatu vyake vya serikali, hata hakutazama.

Jioni moja aliletwa na gari, akashushwa kama gunia, akakaa chini ukutani kwa nje.

"Mama Koletha," alisema, "leo nilikunywa kumi na moja."

"Najua."

"Kumi zilikuwa za kazi."

Paskazia alimsogelea.

"Ya kumi na moja hakuna aliyeniambia ninywe," alisema Damiani, akaanza kulia bila sauti, masikio yake makubwa yakitetemeka.

Paskazia alikaa chini karibu naye, juu ya udongo, na gauni lake safi. Hakumshika. Alikuwa na hasira naye na alikuwa na huruma naye, na vyote viwili vilikuwa vikubwa, akashindwa kujua aanze na kipi.

Kesho yake alivaa nguo za kanisani, akapanda basi mpaka wizarani. Alipanda ghorofa kumi na nne kwa miguu, kwa kuwa lifti ilikuwa imepangiwa kutumika kwa kiasi. Huko juu alipewa Fomu ya Malalamiko Yasiyozidi, yenye nafasi ya maneno sita. Paskazia alifikiri sana, akaandika: *Mume wangu amekuwa mlevi. Mrudisheni nyumbani.*

Karani alihesabu kwa ncha ya kalamu. "Mama, umetumia maneno sita. Vizuri sana. Lakini hili la 'mlevi' halipo kwenye orodha ya maneno ya mwaka huu."

"Liandikeni kwa jina mnalotaka. Nirudishieni tu."

"Tena wewe ni mke wake. Mke wa Mnywaji wa Mfano ni Mke wa Mfano, yuko kwenye kanuni ya kumi na tisa. Mke wa Mfano halalamiki. Kwa hiyo hujalalamika." Karani akaigonga fomu muhuri, akamrudishia. Muhuri ulisomeka: HAIKULETWA.

Alishuka ghorofa zote kumi na nne. Kwenye ngazi za chini alikutana na Lugoda, ambaye sasa alikuwa amepandishwa cheo, ana kalamu tano.

"Mama, shikamoo. Umefuata nini huku?"

"Marahaba. Lugoda mwanangu, yule mtu anakufa."

Lugoda aliangalia juu ya ngazi, akaangalia chini. "Mama, mimi naona. Sina upofu. Usiku silali. Lakini nikiandika kwamba mzee amezidi, nani amemzidisha? Ni mimi. Saini ni zangu zote." Akavuta pumzi. "Kuna njia moja tu kwenye kanuni. Mnywaji wa Mfano akinywa zaidi ya glasi moja katika tukio moja, hadharani, anavuliwa cheo palepale. Wanamfukuza. Wanamzomea kidogo, halafu wanamsahau. Mimi sijakwambia."

*

Siku ya Kitaifa ya Kiasi iliadhimishwa kwa karamu ya siku tatu. Uwanja wa taifa ulijaa. Mtukufu Rais alikaa kwenye kiti kirefu, uso umevimba kidogo, maana tangu atangaze Mwaka wa Kiasi alikuwa amejitolea kuonja kila kitu kwanza kwa niaba ya wananchi. Mbele yake palikuwa na meza, glasi moja ndogo, na jagi la kioo la lita mbili lililojaa mvinyo wa kiwandani, liking'aa kama dawa ya viatu.

Damiani alikuwa amezungumza na mkewe usiku kucha. Paskazia alimwambia alichokisikia kwa Lugoda. Mpango ulikuwa wake, na alikuwa ameutapika rohoni mara nyingi kabla ya kuusema kwa mdomo. "Mara moja tu, Baba Koletha," alimwambia. "Unywe mbele yao kama ulivyokuwa ukinywa zamani. Wakuone. Wakufukuze. Halafu turudi nyumbani tuanze upya."

"Na nikishindwa kuanza upya?"

"Nitafunga kabati."

Alipoitwa, alipanda jukwaani katika koti jeupe alilopewa na wizara. Waziri alisoma sifa zake kwa dakika arobaini. Kisha akamimina glasi. Damiani aliitazama, akaisukuma pembeni kwa kidole. Akalishika jagi kwa mikono miwili.

Lugoda, aliyesimama nyuma ya viti vya wakubwa, alifumba macho. Paskazia, katika safu ya Wake wa Mfano ambamo alikuwa peke yake, aliinuka kitini.

Damiani alikunywa. Alikunywa kama alivyokunywa siku ya mama yake, bila kupumua, mvinyo ukimtiririkia shingoni na kulitia koti jeupe doa lililokua, likakua, likafika kiunoni. Alipomaliza aliliinamisha jagi, watu wote waone kwamba halina kitu. Akapiga kwikwi kwenye kipaza sauti. Kisha akasema, kwa ulimi mzito lakini kwa maneno yaliyoeleweka, "Mimi ni mlevi. Nilikuwa mlevi, nikapona, mkanirudisha. Nifukuzeni."

Hakuna aliyepiga makofi, maana hakuna aliyejua kama yanatakiwa. Macho yote yaligeukia kiti kirefu.

Mtukufu Rais alikuwa ameinama mbele. Alilitazama jagi tupu. Alitazama glasi ndogo, ambayo kwa mwaka mzima alikuwa akiichukia kimyakimya. Uso wake ukafunguka polepole kama wa mtu aliyesamehewa dhambi.

Alisimama. "Ndugu wananchi!" alinguruma. "Mmemwona? Amekunywa jagi. Je, amekunywa la pili?"

"Hapanaaa!" uwanja ulijibu.

"Amesema 'ongeza'?"

"Hapanaaa!"

"Amelifikisha mwisho, ameliweka chini, kaishia hapo! Mzee huyu mnyenyekevu ametufundisha leo jambo ambalo wataalamu wangu, kwa woga wao, walinificha. Glasi ile ilikuwa ndogo mno. Ilikuwa ni dharau kwa uwezo wa Mwafrika wa Wastani. Kuanzia sasa, hiki," akalinyanyua jagi juu ya kichwa, "hiki ndicho kiasi!"

Makofi yaliyofuata yalisikika nchi jirani, ambako walidhani ni mvua. Damiani alijaribu kusema tena, lakini walikuwa wameshamvisha nishani, na bendi ya polisi ilikuwa imeshaanza kupiga. Alimtafuta Paskazia kwa macho. Alimwona amesimama, mdomo wazi, akisema kitu ambacho kwa kelele zile hakuna ambaye angekisikia. Kisha akayumba, na maofisa wawili wakamshika kila upande, wakampungia watu mkono kwa kutumia mkono wake.

*

Ndani ya wiki moja kila kaya ya Wastani ilipewa Jagi la Taifa, lenye picha ya Damiani ubavuni. Takwimu zilionyesha kwamba walevi wamepungua kwa asilimia tisini na nane, na asilimia mbili iliyobaki ilikuwa ni wale wasiokunywa, ambao sasa walishtakiwa kwa upungufu. Barabarani watu walitembea wameshikana mabega, wakiimba, wengine wakilala pale walipofikia. Mashirika ya nje yalituma wajumbe kujifunza. Wajumbe walijifunza sana, baadhi yao wakabebwa kurudi kwenye ndege.

Damiani alilala nyumbani siku nne, akitapika kitu cha rangi ya zambarau kisichokuwa zambarau. Paskazia alimpa uji kwa kijiko, akambadilishia mashuka, akampangusa uso. Hakumlaumu, wala hakujilaumu kwa sauti. Siku ya tano alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Lugoda ameleta ujumbe. Jumatatu wanakuja kukuchukua. Maonyesho sita kwa siku, kwa jagi."

"Sitafika Krismasi," alisema Damiani.

"Basi usiende."

"Watanifunga."

"Wakufunge. Gerezani kuna ukuta, na mimi nitakuletea chakula." Alimshika mkono. "Hakuna haja ya hotuba. Neno moja tu. Gari likija, useme 'Siji.' Hebu sema."

"Siji."

"Sauti kubwa. Kama ulivyokuwa ukiwaambia wauza sukari."

"Siji!"

Walifanya mazoezi Jumamosi, wakafanya Jumapili. Alilisema akiwa kitandani, akiwa amesimama, akiwa anatazama ukuta. Jumapili jioni alilisema vizuri kiasi kwamba Paskazia alicheka, mara ya kwanza tangu mwaka uanze, naye Damiani akacheka, wakala viazi, wakalala.

Jumatatu Damiani aliamka kabla ya mkewe. Alioga. Alivaa shati safi. Alijiambia atatoka mwenyewe barabarani akalisemee hukohuko, ili honi ya gari isimwamshe Mama Koletha, aliyekuwa amechoka. Asubuhi ilikuwa nzuri, na umande mwingi. Alisimama kando ya barabara, mikono mfukoni, neno lake likiwa tayari mdomoni.

Gari jeupe likaja. Lugoda akashuka, akamfungulia mlango wa nyuma. "Shikamoo mzee! Leo umetuwahi mwenyewe?"

Damiani alifungua mdomo. Mdomo ulikuwa mkavu, mkavu kama majivu, na kule ndani, juu ya kiti, palikuwa na jagi limefunikwa kwa kitambaa cheupe, tayari kwa onyesho la saa mbili. Hata chini ya kitambaa aliinusa harufu yake.

"Siji," alisema.

Alilisema vizuri, kwa sauti ileile ya kuwatisha wauza sukari, na Lugoda alilisikia, na dereva alilisikia. Lakini alipolisema alikuwa ameshakaa, na mlango aliufunga mwenyewe.